Siku Niliyodhani Nimempofusha Dada

Juzi tulimhamisha mama kutoka mtaa wa Tassia kwenda Njiru, hapa hapa Nairobi, na katika kufunga vitu vyake nikaufungua mfuko wa kamera ambao ulikuwa haujafunguliwa kwa miaka. Harufu iliyotoka mle ilinikalisha sakafuni: ngozi kuukuu, vumbi, na ule uchachu mwepesi wa vikopo vya filamu. Wenzangu wa rika langu mtavikumbuka, vile vikopo vyeusi vya plastiki tulivyovifanya sufuria tukicheza kalongolongo. Nikawa nakinusa kimoja baada ya kingine mpaka mama akauliza kama nimekuja kufunga mizigo au kulia. Nikamwambia nimemkumbuka Ndinda alivyopofuka. Mama akacheka hadi akaegemea ukuta, maana dada yangu Ndinda mwenyewe alikuwa chini barabarani wakati huo, akimwelekeza dereva wa lori kwa macho yake mawili yaliyo mazima kabisa.

Nilikuwa na miaka kumi. Ndinda alikuwa na kumi na tisa, amemaliza shule, na tulikaa ghorofa ya nne kwenye nyumba ambayo maji yalipanda mwisho ghorofa ya pili. Mama alikuwa mpiga picha. Alipiga harusi, ubatizo, mazishi, na zile picha ndogo za pasipoti ambamo kila mtu hutoka kama amekamatwa. Baba alikuwa mchongaji. Alifanya kazi katika karakana ya wachongaji upande wa Majengo, wengi wao Wakamba kama sisi, akichonga twiga na swala kwa mti wa muhugu, na jioni alirudi na vumbi jekundu kwenye nyusi. Walikuwa watu wa kanisa wote wawili, wapole, wa maneno machache, baba akiwa na machache zaidi.

Ndinda ndiye aliyekuwa na jambo lake. Alicheza dansi. Nikisema dansi msidhani ni ile ya harusini. Hii ilikuwa ya kisasa, iliyofundishwa na Mwalimu Wafula, mtu wa Bungoma aliyefanya kazi ya zamu katika kiwanda cha sabuni, na akitoka zamu alienda moja kwa moja kwenye ukumbi wa mtaa, ule tuliouita soshali, ambako vijana kumi na wawili walimngoja miguu mitupu. Mara nyingine walicheza bila muziki wowote, ukisikia nyayo tu na pumzi. Mara ya kwanza kuwaona nilidhani wanatafuta sindano iliyoanguka. Wanainama, wanageuka, wanapapasa hewa, halafu ghafla mmoja anaruka kana kwamba ameikanyaga.

Baba alifika mara moja. Alisimama mlangoni ameshika kofia mkononi, akatazama kwa muda, akaenda zake. Nyumbani aliuliza swali moja tu: ngoma ile inaimba nini? Ndinda akasema haiimbi kitu, baba. Baba akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula, na Ndinda akaacha chakula chake nusu. Hakumkataza, ila hakuuliza tena, na nafikiri kimya kile kilimuuma dada kuliko makatazo.

Mama alivutwa ndani na picha. Kikundi kilikuwa kimepata nafasi ya kucheza kwenye jukwaa la mjini, jukwaa lenye pazia na viti vya kukunjika, na Mwalimu Wafula alitaka picha za mabango. Mama alikuwa hajawahi kumpiga picha mtu asiyetulia. Filamu ya kwanza ilirudi na watu wa moshi: mikono imeyeyuka, nyuso hazipo, miguu minne kwenye mwili mmoja. Nilimwonea mama aibu. Mwalimu Wafula alichukua moja akaipeleka dirishani, akaitazama muda mrefu, kisha akasema kwamba hivyo ndivyo mtu anavyojisikia akicheza, na akaomba abaki nayo. Lakini kwa bango, alisema, anataka mtu aonekane amening'inia hewani, wazi, kila kidole mahali pake.

Basi mama akawa anaenda soshali kila Jumamosi mchana, nami nyuma yake. Alijifunza kungoja. Alinieleza siku moja tukiwa njiani kwamba mtu akiruka kuna mahali anafika, hapandi tena na bado hajaanza kushuka. Ni padogo sana, alisema, lakini panatosha picha moja. Nilimwelewa vibaya, kama nilivyomwelewa vibaya karibu kila mtu mwaka ule. Nilidhani kuna mahali hasa, kama ubao usioonekana, ambapo wachezaji husimama kidogo kabla ya kuteremka. Wiki nzima niliruka kutoka kitandani nikiutafuta.

Jambo jingine alilosema ndilo lililoniponza. Kwa wachezaji hakutumia flashi, ile taa ya kumulika inayochomekwa juu ya kamera. Alingoja jua la madirishani. Nilipomuuliza sababu akanijibu kwamba taa ile ikimwakia mtu usoni akiwa hewani inaweza kumpofusha, na mtu aliyepofuka hewani atatua wapi?

Jumamosi ya nne mama alikuja moja kwa moja kutoka ubatizo, na flashi ilikuwa bado juu ya kamera. Mwalimu Wafula alimwita nje wakazungumze habari ya mabango. Kamera ikabaki kwenye kiti. Ndani, Ndinda alikuwa akirudia mruko wake, ule ambamo wenzake wote huanguka chini kwa pamoja yeye akipaa juu yao. Nilikuwa nimeutazama mruko ule mara nyingi hivi kwamba mwili wangu wenyewe ulijua utakapofika. Niliinua kamera, nikaiegemeza kifuani kwa uzito wake, nikangoja pale mahali padogo, nikabonyeza.

Taa ikapiga ukumbi mzima. Ndinda akatua, goti likapinda kando, akaanguka.

Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni ameshika mguu, wenzake wakamzunguka, na wote walidhani mama ndiye aliyepiga picha. Mama aliporudi kamera ilikuwa kwenye kiti, nami nilikuwa kona ya pili nikihesabu vioo vya dirisha. Ndinda akasema ameteleza tu, mambo madogo. Akainuka, akatabasamu, akaendelea na mazoezi. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kilichotokea.

Kuanzia siku ile nilianza kumtazama, na kila nilichokiona kilinithibitishia. Ngazi zetu zilikuwa na giza hata adhuhuri, na Ndinda, ambaye zamani alizipanda mbili mbili, sasa alizipanda akipapasa ukuta. Kila ngazi aliigusa kwanza kwa ncha ya mguu kabla ya kuikanyaga. Ndani ya nyumba alipita akishika kiti, kisha meza, kisha kitasa cha mlango. Alimwaga chai. Kwenye maombi ya jioni sisi sote tulipiga magoti, yeye akabaki amekaa ukingoni mwa kitanda, na nikajua ni kwa sababu haoni tulipo. Dada yangu alikuwa anapofuka kidogo kidogo, na alikuwa anaficha ili asituhuzunishe.

Nikaanza kumsaidia bila kusema. Niliondoa viatu njiani. Nilimtangulia kwenye ngazi nikiimba kwa sauti ili afuate sauti yangu. Siku moja nilimwinulia vidole vitatu mbele ya uso akiwa anasuka nywele, nikamuuliza ni vingapi. Akasema vitatu, kwani vipi? Nikaona amebahatisha. Usiku niliomba Mungu anipofushe mimi jicho moja tugawane, halafu nikaogopa atakubali, nikamwambia asubiri.

Lililozidi kunitesa ni filamu. Picha yangu ilikuwa mle ndani ya kamera, na nilijua siku mama atakapoipeleka kuoshwa mjini kila kitu kitakuwa hadharani. Filamu ilikuwa haijaisha. Mama alipiga pasipoti mbili, akapiga mtoto wa jirani, na kila alipobonyeza nilihesabu zilizobaki. Nilijua pia dawa yake: ukifungua mgongo wa kamera mwanga unaingia na filamu inaungua yote. Alasiri moja, mama akiwa ameenda sokoni, niliketi na kamera mapajani, kidole gumba kwenye kile kipini cha kufungulia. Nikafikiria picha zote za mama za Jumamosi zile, kungoja kwake kote kule. Kidole kilikataa. Niliirudisha kamera mfukoni nikaenda kulala mchana, jambo ambalo sikuwahi kufanya bila kulazimishwa.

Mama akaipeleka filamu. Jumamosi iliyofuata alienda kuzichukua picha, na nyumbani tulibaki mimi na baba, ambaye alikuwa amekaa kando ya dirisha akimsugua swala mdogo kwa msasa. Nilijua mama akirudi nitakuwa nimechelewa. Nikasimama mbele ya baba.

"Baba, nimempofusha Ndinda."

Msasa ukasimama. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia yote: taa, mruko, kuanguka. Kisha nikamhesabia dalili, jinsi anavyopapasa ukuta wa ngazi, jinsi anavyogusa kila ngazi kwanza, jinsi anavyoshika meza na viti, jinsi asivyopiga magoti tena. Baba alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye magoti alimweka swala chini, akanitaka nirudie hilo la ngazi. Mguu gani unaotangulia kugusa? Sikuwa na haja ya kufikiri. Wa kulia, nikasema. Kila mara ni wa kulia. Akanikalisha karibu naye, akasema tungoje picha.

Mama alipofika, baba alimwomba bahasha kabla hajavua viatu. Alizipanga picha mezani kwa mfululizo, Jumamosi ya kwanza mpaka ya mwisho, akaziinamia kama anavyoinamia gogo kabla hajalitia tezo. Mama aliniangalia kuniuliza kuna nini, nami nikaangalia sakafu. Tulikaa hivyo mpaka maji ya chai yakachemka yakapungua.

Mwishowe baba akaanza kuonyesha kwa kidole, taratibu. Mchongaji akikosea mahali uzito unapokaa, alisema, mnyama wake anaanguka mezani, kwa hiyo yeye kitu cha kwanza kutazama ni mguu upi umebeba. Picha za Jumamosi ya kwanza, Ndinda anatua kwa miguu yote miwili. Ya pili, anatua kwa kushoto. Ya tatu, tena kushoto, na hapa ameshaupindisha mwili wote angali juu ili wa kulia usiguse chini. Akauliza hizi za Jumamosi ya pili zilipigwa lini, kabla au baada ya siku ya taa. Mama akasema kabla, wiki mbili kabla, na taa gani?

"Huyu mtoto ana goti," baba akasema. "Amekuwa nalo muda."

Ndipo ikafika zamu ya picha yangu. Mama aliitambua kuwa si yake mara tu alipoigusa, maana ilikuwa imepigwa kutoka chini, kimo cha mtoto wa miaka kumi. Ndinda alikuwa juu, wazi, kila kidole mahali pake, na nyuma yake kivuli kikubwa ukutani. Niliwaambia tena, sasa nikilia, kwamba ile taa ndiyo iliyomwingia machoni. Mama akanivuta mapajani, akanishikia picha karibu.

"Mtazame macho," akasema. "Yako vipi?"

Yalikuwa yamefumbwa.

Nikasema ameyafumba kwa sababu ya taa. Mama akasema hapana, flashi ni ya haraka kuliko kope. Mtu hupepesa picha ikiwa imekwisha kupigwa. Kama humu amefumba, basi alikuwa amefumba kabla mimi sijabonyeza. Alinieleza mara mbili, polepole, kama mtu anayefungua fundo la uzi. Nilielewa mara ya pili, na kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani wiki nzima kilishuka tumboni, nikasikia njaa.

Ndinda alirudi kutoka mazoezini saa kumi. Tulimsikia kwenye ngazi muda mrefu kabla hajafika, na safari hii sote watatu tulisikiliza. Alipoingia akaona meza, akaona picha, akaona nyuso zetu. Baba alimsukumia kiti.

"Ndinda, goti lilianza lini?"

Alimtazama mama kwanza. Kisha akazitazama picha, akaiona ile ya Jumamosi ya tatu mwili ukiwa umepindwa hewani, na nafikiri aliona mwenyewe kile ambacho alidhani hakuna anayekiona. Akaketi. Akasema lilianza siku aliyokuwa akipandisha mtungi wa maji na ngazi zilikuwa zimelowa. Aliteleza, goti likatoa sauti. Alilifunga kwa kipande cha leso chini ya suruali akaenda mazoezini, na kila siku akaomba lipone kabla ya onyesho. Hakumwambia Mwalimu kwa sababu Mwalimu angemweka kando. Hakutuambia sisi kwa sababu, na hapa alimtazama baba, alidhani tungesema ni dansi ndiyo iliyomvunja, na ingekuwa mwisho.

Nikamuuliza kuhusu taa.

"Taa gani, Kadogo?"

"Ile ya siku ulipoanguka."

"Mimi pale juu nafumba macho," akasema. "Nikifungua naogopa."

Halafu akaweka kichwa juu ya meza, katikati ya picha zake, akalia kama mtoto mdogo kuliko mimi. Mama alimwekea mkono mgongoni. Maneno yalitoka yamefinywa na mikono yake, lakini niliyasikia vizuri: "Nimechoka kutembea vizuri."

Baba alipiga goti sakafuni, akaikunja suruali ya Ndinda, akaifungua ile leso, akalishika goti kwa viganja vyote viwili bila kulibonyeza. Lilikuwa limevimba kama embe. Hakumgombeza. Kisha akauliza lile ambalo hakuwa ameuliza tangu siku ya mlangoni. Mruko ule, akasema, unaanzia mguu gani? Ndinda akainua kichwa, akajifuta, akamwonyesha kwa mkono mezani, vidole viwili vikitembea, vikiinama, vikipaa. Baba akamwambia arudie. Akarudia. Baba akasema sasa ameona.

Onyesho lilifanyika bila yeye. Mwalimu Wafula alikuja nyumbani na mkate na ndizi, akakaa, kisha akamwambia Ndinda kwamba amemkasirikia kwa kuficha, si kwa kuumia, na kwamba majukwaa hayaishi. Bango lilichapishwa kwa picha niliyoipiga mimi. Mama alisema ukweli ni ukweli, ile ndiyo iliyokuwa bora. Miezi minane baadaye Ndinda alirudi soshali, na leo, akiwa na watoto watatu na nyumba Njiru, bado anafundisha dansi Jumamosi, na mwanafunzi akitua vibaya anamtoa mara moja na kumkalisha.

Lakini siku ninayoipenda zaidi ni ile Jumatatu tuliyotoka hospitali. Daktari alisema kano ndani ya goti limechanika nusu na nusu bado imeshika. Mngemwacha aruke wiki mbili zaidi, alisema, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Mmewahi. Baba aliuliza kama atacheza tena, yeye baba, kabla Ndinda hajafungua mdomo, na daktari akasema akitulia, atacheza. Wakamfunga bandeji, wakampa gongo moja la kutembelea.

Kutoka stejini, kituo cha matatu, hadi kwetu ni mwendo mfupi wa mawe na matope. Baba alipendekeza tupite njia ya nyuma isiyo na watu. Ndinda akakataa. Alipita katikati ya barabara, mchana kweupe, mbele ya vibanda vyote, akichechemea kwa upana, akiyumba, akijiachia, bega likipanda na kushuka. Mama mmoja aliyeuza dagaa wa omena kwenye kona alimuuliza kulikoni. Ndinda akamjibu kwamba ni goti, mama, na linauma kweli kweli, na alitabasamu kwa uso wote hivi kwamba yule mama alitutazama sisi wengine akitafuta maelezo. Mimi nilitembea nyuma nikichechemea pia, kwa furaha tu, na hakuna aliyenikataza.

Tulipofika kwenye ngazi alikabidhi gongo kwa mama, akaketi kwenye ngazi ya kwanza, akaanza kupanda kinyumenyume kwa makalio, moja baada ya moja. Ghorofa nne nzima. Baba alimfuata hatua moja chini yake, mikono wazi. Na kila walipofika mahali pa kupumzikia Ndinda alisema kwa sauti kubwa, majirani wasikie, "Linauma," na baba, mtu wa maneno machache, akajibu kila mara, "Basi pumzika."